Kengele Katika Chumba cha Wageni

Katika miaka yote niliyohudumu kama padri wa Wapolandi wanaoishi nyuma ya machinjio ya Chicago, sikumwona Ludomir Skwarek ameketi kanisani hata mara moja. Alisimama nyuma, kando ya chombo cha maji ya baraka, uzito wake ukihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule, na kofia ikizunguka mikononi mwake kama usukani. Mwanzoni nilidhani ni dharau. Baadaye nikadhani ni unyenyekevu, maana wapo wacha Mungu wanaojiona hawastahili benchi. Haikuwa hili wala lile. Mtu huyu aliumbwa bila breki. Hata alipokuja kuungama, kuta za kiungamio zilitetemeka kwa sababu ya goti lake.

Wahenga wa Ugiriki walifundisha kwamba kila kitu chenye mwendo hutafuta mahali pake pa kutulia, jiwe likiteremka na moshi ukipanda. Sijui wangesema nini juu ya mtu aliyeshindwa kutulia popote, na ambaye hata hivyo alitumia miaka bora ya umri wake akitafuta njia ya kuwawezesha watu wengine wasiinuke vitini mwao.

Baba yake alibeba nyama mabegani katika machinjio mpaka mgongo ulipomkataa. Ludomir alifanya kazi hiyo hiyo mchana na kusoma umeme jioni, akiwa amesimama, kitabu kikiwa juu ya kabati. Alipopata shahada ya uhandisi, aliajiriwa na Lakemont, kiwanda cha televisheni kilichokuwa upande wa pili wa mji, akapewa karakana ndogo na kazi moja: rimoti. Sidai kwamba alikuwa wa kwanza duniani kuiwaza. Katika mji ule ule palikuwa na karakana nyingine, na watu wengine wenye akili, waliohangaika na jambo lilo hilo. Nasimulia sehemu yake tu, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu.

Rimoti ya kwanza ya Lakemont ilikuwa na waya mrefu uliotambaa sakafuni kutoka kitini mpaka kwenye televisheni. Ludomir aliileta nyumbani kwa fahari ili kumfurahisha mama mkwe wake, Petronela, mjane mwenye magoti mabovu na mapenzi makubwa ya mieleka. Siku ya tatu Petronela aliinuka kwenda kutafuta chai, waya ukamnasa kifundo cha mguu, akaanguka na kuvunjika mkono.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, plasta ikiwa bado mbichi, "wewe ni mhandisi au mtega sungura?"

Ludomir alikuwa anautazama waya.

Kuanzia siku hiyo aliuchukia waya kama mtu anavyochukia dhambi aliyowahi kuipenda. Alifikiria mawimbi ya redio, akayaacha, kwa sababu redio haijui ukuta: mtu angebadilisha stesheni kwake, na jirani wa ghorofa ya juu akajikuta anatazama asichokitaka. Akajaribu mwanga. Alitengeneza tochi ya kumulika pembe za televisheni, na kila pembe ikawa na amri yake. Kiwanda kiliiuza kwa msimu mmoja. Kisha malalamiko yakaanza kuja. Katika nyumba zenye madirisha ya magharibi jua la jioni liliingia, likamulika pembe zote kwa pamoja, na televisheni ikawa kama iliyopagawa. Wengine walirudisha televisheni nzima dukani kwa kuwa betri ya tochi ilikuwa imekwisha nguvu.

Hapo mkuu wa mauzo, Bwana Tolliver, mtu mrefu mwenye tai za hariri na sauti ya kutongoza, alitunga sheria isiyovunjwa. "Betri marufuku," alisema. "Betri ikifa, mama wa nyumba hasemi betri imekufa. Anasema Lakemont ni mbovu."

Basi ikabaki sauti. Si sauti ya kawaida, bali ile iliyo juu kupita sikio la binadamu. Ndani ya kijisanduku cha kushika mkononi Ludomir aliweka fimbo nne fupi za alumini, kila moja na urefu wake. Ukibonyeza kitufe, nyundo ndogo iligonga fimbo, nayo ikalia sauti ambayo mtu haisikii, ila mbwa huinua masikio. Kipaza sauti kilichofichwa ndani ya televisheni kiliisikia na kutii: washa au zima, stesheni mbele, stesheni nyuma, nyamaza. Hapakuwa na waya, wala mwanga, wala betri. Mtu alisikia "tak" tu ya nyundo.

Tolliver aliishika, akaibonyeza, akatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu. "Sikiliza, Skwarek. Ya waya ilivunja mkono. Ya tochi ilishindwa na jua. Hii ya tatu ikituaibisha mbele ya mwenye kampuni, karakana naifunga, na wewe unarudi kwenye mstari wa kukagua taa za ndani ya televisheni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi acha kutikisa meza yangu."

Maonyesho mbele ya mwenye kampuni yalipangwa kufanyika mwezi wa Januari. Ili kuwa na hakika, Ludomir aliileta televisheni ya majaribio nyumbani tangu majira ya joto, aione ikiishi na watu. Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo, nathubutu kusema, lingetokea kwetu sisi tu.

Kila nyumba ya Kipolandi mtaani kwetu, hata yenye vyumba vitatu tu, ina chumba kimoja kisichotumiwa. Familia hula jikoni, hugombana jikoni, hufanyia kazi za shule jikoni, na chumba kizuri cha mbele hufungwa kikingoja wageni. Viti vyake hufunikwa vitambaa vyeupe, picha ya Bikira Maria mwenye uso mweusi hutundikwa juu ya kochi, na mwenye kuingia na viatu huadhibiwa kwa maneno yasiyosahaulika. Felicja, mke wa Ludomir, alipoiona televisheni ile ya mbao iliyong'arishwa, hakuuliza iwekwe wapi. Televisheni ya zamani, ile ya vifundo vya kuzungusha, ndiyo iliyobaki jikoni kwa ajili ya mama yake. Mpya ikaenda chumba cha wageni, ikavishwa kitambaa cha kufuma.

Kila jioni Ludomir aliingia mle peke yake, akiwa na soksi tu, akabonyeza, akatembea, akabonyeza tena kutoka kila pembe. Televisheni ilitii. Majira ya joto yakapita, majani yakaanguka, theluji ikaja, nayo haikukosea hata mara moja. "Ina utiifu wa mtawa," aliniambia mlangoni mwa kanisa, na kwa mara ya kwanza kofia ilikuwa imetulia mikononi mwake.

Baada ya sikukuu ya Mamajusi huwa tunafanya kolenda. Padri hupita nyumba kwa nyumba kubariki, na mpiga kinanda wa parokia hutangulia akipiga kengele ndogo ya shaba, ili wenye nyumba wawashe mishumaa na kusimama tayari. Mpiga kinanda wetu, Wincenty Grochal, alikuwa mtu mnene mwenye ulimi uliokatiwa kwenye jiwe la kunolea. Jumapili hiyo tulifika kwa Skwarek tukiwa tumeganda miguu. Chumba cha wageni kilikuwa wazi, meza ina kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili na bakuli la maji ya baraka. Felicja alisimama na gauni lake jema. Petronela aliketi kwenye kiti kilichofunuliwa kwa heshima ya siku hiyo. Ludomir alisimama nyuma ya wote.

Wincenty alipiga kengele kizingitini, nami nikaanza sala kwa Kilatini.

Televisheni za wakati ule hazikuwaka papo hapo. Taa za ndani zilihitaji kupata moto kwanza. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha fika katikati ya sala, na mkono wangu umeinuka na maji ya baraka, ndipo chini ya kile kitambaa cha kufuma mngurumo ulipoanza, ukapanda, ukawa kelele za umati, na sauti ya mtu ikasema wazi kabisa: "Amemkalia shingoni! Amemkalia shingoni!"

Felicja alijifunika uso. Mimi nilinyunyiza, kwa kuwa sala iliyoanzwa haiachwi.

"Nani kakaliwa?" Petronela alinong'ona.

"Mama, nyamaza, Padri anabariki."

"Nauliza tu nani kakaliwa."

Ludomir hakuona haya. Aliizima televisheni kwa mkono, akasubiri mpaka nilipomaliza sala, kisha akamgeukia Wincenty. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza.

"Bwana Wincenty, ipige tena."

"Kengele hii ni ya ibada, si ya mieleka."

"Nakuomba. Mara moja."

Wincenty alinitazama, nikaitikia kwa kichwa. Akapiga. Tulikuwa wote sita, nikimhesabu Bikira Maria wa ukutani, tukiikodolea macho televisheni iliyozimwa. Mngurumo ukaanza, kisha umati, kisha mieleka.

"Basi imebarikiwa," alisema Wincenty. "Inaitikia kengele kuliko waumini wa misa ya saa kumi na mbili."

Ludomir alikuwa ameshatoa funguo mfukoni. Akazitikisa; televisheni ikarukia stesheni nyingine. Akazitikisa tena; ikarudi kwenye mieleka. Akakimbilia jikoni, akarudi na vijiko, akavigonganisha. Sauti ikazimika, picha ikabaki na wanaume wawili waliokumbatiana kimya.

"Felicja," alisema polepole, "tangu niilete humu, nani ameingia na funguo?"

"Humu?" Felicja alikasirika kana kwamba amesingiziwa. "Humu hakuna anayeingia na viatu, sembuse funguo."

"Na vijiko?"

"Mtu ale nini humu? Umerukwa na akili mbele ya Padri?"

Alielewa, nami nikaelewa pamoja naye. Miezi yote ile aliijaribu televisheni katika chumba kisicho na maisha. Hakuna aliyeangusha chenji mle, wala kuosha sahani, wala kumfunga mbwa mnyororo. Ilikuwa na utiifu wa mtawa kwa sababu ilikaa ndani ya monasteri.

Aliniomba kengele. Nyumba zilizobaki tuliziendea bila hiyo, Wincenty akigonga milango kwa ngumi na kuwaeleza watu kwamba kengele imeajiriwa Lakemont.

Kesho yake Ludomir alimweleza Tolliver. Maonyesho yalikuwa keshokutwa yake.

"Waamerika wangapi wana padri na kengele sebuleni?" aliuliza Tolliver.

"Funguo wanazo wote."

"Skwarek. Rafiki yangu. Mwenye kampuni akipenda, tunauza. Tukishauza, unaitengeneza pole pole, na mshahara juu. Asipopenda, unakagua taa mpaka uzeeke. Wewe bonyeza, kaa chini, nyamaza. Hilo la kukaa chini ndilo gumu kwako, najua."

Jioni ile Ludomir alinijia sakristia. Alitembea kutoka kabati la majoho mpaka dirishani, na kutoka dirishani mpaka kabatini, na kila hatua kitu kililia mfukoni mwake.

"Padri, kunyamaza ni uongo?"

"Inategemea unanyamaza juu ya nini, na nani ataumia."

"Hakuna atakayeumia. Watakasirika tu. Lakini karakana ikifungwa, kazi yote imekufa, na mama wa mke wangu ataendelea kuinuka kila mara kwenda kwenye vifundo vya ile ya zamani. Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa karibu?" Akageuka tena dirishani. "Niambie ninyamaze, nitanyamaza. Niambie niseme, nitasema."

Nilimwambia siwezi kumwamulia, kwa kuwa dhamiri haiazimwi kama kengele. "Ila naona jambo moja," nikamwambia. "Unasema huenda ukanyamaza, na umekuja na kengele mfukoni. Aliyekwisha kuamua kunyamaza hatembei na kengele."

Alisimama. Kisha akaondoka bila kuaga, akasahau kofia.

Yaliyotokea kwenye maonyesho aliniambia mwenyewe, na baadaye nikayasikia kwa fundi mmoja wa parokia jirani aliyekuwapo. Masimulizi yao hayakupingana. Mwenye kampuni, Mzee Vandermeulen, aliketi mbele akiwa na fimbo ya kutembelea katikati ya magoti. Wakurugenzi walikuwa nyuma yake. Tolliver alitoa hotuba juu ya mama wa nyumba aliyechoka. Ludomir akabonyeza, televisheni ikawaka, akabonyeza, stesheni ikageuka, akabonyeza, ikanyamaza. Watu wakapiga makofi. Tolliver akamwonyesha kiti.

Ludomir aliketi. Goti likaanza. Alilishika kwa mkono, mtikisiko ukahamia goti la pili, na upande huo ndiko ilikokuwa kengele. Ililia kidogo sana, kama kikombe kikiguswa na kijiko katika chumba cha jirani. Televisheni ikaruka stesheni.

"Na hicho, mabwana," alisema Tolliver bila kumeza mate, "ni kitufe cha pili, kwa mara nyingine."

Wakacheka kwa ridhaa. Tolliver alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Alichotakiwa Ludomir ni kubaki kitini. Fundi yule aliniambia kwamba alimwona akitazama mikono yake miwili, iliyokuwa mitupu, maana rimoti ilikuwa juu ya meza na kila mwenye macho angeweza kuiona.

Akainuka. "Si kitufe cha pili," alisema. "Ni hii." Akaitoa kengele, akaipiga wazi, kwa mkono ulionyooka, kama Wincenty mlangoni. Picha ikazimika.

Mzee Vandermeulen aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake, akazitikisa. Hazikufanya kitu. Akatikisa tena kwa nguvu. Taa za televisheni zikaanza kupata moto.

"Kitufe cha pili," alisema, akimtazama Tolliver. Kisha akamgeukia Ludomir. "Nyumbani kwangu kuna mbwa mwenye mnyororo. Ungeniachia nijionee mwenyewe?"

"Nilitaka kukuachia, bwana. Nimeshindwa kukaa."

"Utaitengeneza lini?"

"Kabla ya Pasaka, Mungu akipenda."

"Na usipoweza?"

"Nitarudi kwenye mstari wa taa. Njia naijua, hakuna haja ya kunisindikiza."

Alipewa mpaka Pasaka.

Jioni hiyo hiyo aliibeba televisheni kutoka chumba cha wageni mpaka jikoni, akaiweka kati ya jiko na pipa la kabichi chachu. Felicja alilia kwa hasira. "Kitu cha mbao nzuri hivi," alisema, "jikoni, kama gunia la viazi." Lakini Petronela alivuta kiti chake karibu, akauliza afanye nini. Akapewa kazi ya kupiga kelele. Kwa Kwaresima yote bibi yule alitikisa funguo, akaangusha vifuniko vya sufuria, akagonganisha visu, akaburuta mnyororo wa mbwa wa jirani, akasali rozari ya shanga za chuma huku akiinua sauti ya shanga badala ya sauti yake. Kila televisheni ilipodanganyika, alitangaza, "Amekaliwa!" na Ludomir akaanza upya.

Aliniambia siri ya jambo lile alipoipata, nami naieleza kadiri nilivyoielewa. Fimbo ikigongwa hutoa sauti moja iliyonyooka, na huishikilia. Funguo na vijiko hutoa umati wa sauti zinazosukumana na kupotea. Basi aliifundisha televisheni isitii upesi: ingoje kidogo, isikilize kama sauti iliyoita ni moja na bado ipo, ndipo iitikie. Yeye ambaye hakujua kungoja alilazimika kukijengea chombo uvumilivu alionyimwa yeye.

Televisheni ilifaulu mbele ya Mzee Vandermeulen katika Juma Kuu. Karakana haikufungwa. Hati za uvumbuzi zikaandikwa kwa jina la kampuni, na chini yake majina ya wahandisi watatu, la Ludomir likiwa la mwisho. Kiti cha mkuu wa karakana alipewa mtu aliyeletwa na Tolliver kutoka nje, mtu mpole aliyejua kuketi mikutanoni. Felicja aliumia kwa ajili hiyo kuliko mumewe. Ludomir aliniambia kwamba kiti kilikuwa kitu cha mwisho alichokihitaji, na sikujua kama ni mzaha.

Kolenda ya mwaka uliofuata tulianzia kwake. Televisheni ilikuwa bado jikoni. Felicja alikuwa ameifunika kitambaa chake cha kufuma, na huo ulikuwa ndio ushindi wake. Baada ya chumba cha wageni nilitaka kubariki jiko, na Wincenty, ambaye alikuwa amengoja mwaka mzima, alisimama hatua moja mbele ya televisheni, akainua kengele, akaipiga kama mtu anayetangaza moto.

Nilianza sala. Sikuiharakisha. Ludomir alisimama mlangoni, macho hayakutoka kwenye kile kitambaa, vidole vikifungua na kufunga kifungo cha koti. Tulipita pale ambapo mwaka uliotangulia mngurumo ulianza. Tukapita pale ambapo umati ulianza. Nikanyunyiza maji. Mishumaa ilisikika ikiungua.

"Imeacha dini," alinong'ona Wincenty.

"Amina," alisema Petronela, kwa sala yangu au kwa maneno yake, sikujua. Alikuwa ameketi, miguu ipo juu ya kigoda, na mkono uliopata kuvunjika ulikuwa umelala juu ya kijisanduku cha fimbo nne. "Ludomir, mwanangu, imekwisha. Kaa sasa."

"Nitakaa, Mama."

Tukawaaga. Tulikuwa bado ngazini, Wincenty akishika ukuta kwa sababu ya theluji ya viatu, tuliposikia nyuma ya mlango "tak" moja kavu. Tukangoja, wote wawili, bila kuambizana. Umati ukapanda taratibu, kisha sauti ya bibi kizee ikimsifu mtu aliyemkalia mwenzake. Na juu ya hayo yote zilisikika hatua za mwanamume, kutoka jiko mpaka dirisha, kutoka dirisha mpaka jiko.